Mfuko wa Koti Namba Saba

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Imeanza saa nne asubuhi kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi, na kufikia saa sita imeshaingia hadi jikoni.

Daftari hili nimepewa na mpwa wangu, binti wa dada yangu, Daktari. Ni la wodini, kila ukurasa una nafasi ya tarehe, joto la mwili na mapigo ya moyo. Kasema, "Mjomba, hizo hadithi zako ziandike, zisije zikapotea." Nimekubali, maana watu wa aina yangu tunakwisha. Mimi niliishia darasa la sita, lakini darasa la sita la zamani, ambalo leo ni chuo kikuu na kipande. Joto langu ni la kawaida. Mapigo ya moyo yapo.

Kwa vizazi vijavyo: mimi ni fundi wa miavuli na viatu, kibaraza cha tatu kutoka kona, jirani yangu Kinyozi. Mtaa mzima unaniita Meja. Jina hilo sikujipa mimi, niliacha tu lije. Nilipigana vita vile vya mpakani nikiwa na miaka kumi na tisa. Risasi iliniingia kwenye muundi wa mguu wa kushoto, ikakutana na mfupa wa mwanamume, ikaona haya, ikatokea kulekule ilikoingilia. Gari la wagonjwa lilipozama kwenye tope nililivuta peke yangu kwa mkanda wa suruali, na ndani mlikuwa na majeruhi kumi na mmoja na jenerali mmoja, mnene. Haya Daktari nilianza kumsimulia tangu anatambaa.

Bati linavuja pale pembeni, juu ya sanduku langu la chuma. Nimeweka ndoo. Nitaziba kesho.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Miavuli kumi na minne. Ningekuwa na mikono minne ningekuwa tajiri.

Jumapili, 9 Machi

Leo tulikuwa kwa dada. Dada ndiye mkubwa wangu, alinibeba mgongoni, na hata leo akinitazama najiona nina kamasi. Mtoto anaye mmoja tu, huyu Daktari. Tumekula, tumeshiba, Daktari akafuta mikono, akatoa barua kwenye mkoba, akaiweka mezani katikati ya sahani.

"Mwaka wangu wa mazoezi hospitalini unaisha," akasema. "Jeshi linachukua madaktari. Wamenikubali. Watanisomesha upasuaji, halafu nawatumikia miaka kumi. Jibu wanalitaka kabla ya mwisho wa Aprili."

Nilisimama, kiti kikaanguka. Nikampigia saluti ya kisawasawa, kidole kwenye nyusi, nikasema damu si maji, hii ni damu yangu, simba hazai paka.

Hakucheka. "Mjomba, sijaamua bado."

"Kuna la kuamua hapo?"

"Lipo. Wewe uliyekwenda huko, nataka siku moja tukae unieleze. Si zile za jenerali mnene. Za kweli."

Dada aliondoa sahani yangu, na nyama ilikuwa bado ipo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Kinyozi. Nimewaambia na wateja wake. Mmoja alikuwa amenyolewa nusu, akatoka na povu lake kuja kunipa mkono. Mvua kubwa.

Jumatano, 12 Machi

Ndoo imejaa mara mbili. Bati, kesho.

Jumamosi, 15 Machi

Dada kaja kibarazani na mwavuli mzima. Niliufungua, nikaufunga, nikaufungua tena.

"Huu una nini?"

"Hauna kitu. Mwenye kitu ni wewe." Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akakunja khanga magotini. "Nani alimwambia mtoto kwamba vitani kuna vichekesho na majenerali? Nani alimfundisha saluti kabla hajajua kufunga kamba za viatu?"

"Dada, zile zilikuwa hadithi za kumlaza."

"Basi hakulala. Alikuwa anasikiliza."

Mvua ilikuwa inapiga bati la Kinyozi kwa nguvu, na nilishukuru, maana Kinyozi ana masikio kama vipaza sauti.

"Mimi nimesema mpaka koo limekauka," dada akaendelea. "Najibiwa nini? 'Mama, mbona mjomba alikwenda na akarudi?'"

"Si nilirudi kweli?"

Alinitazama. Mimi nimetazamwa na mengi katika dunia hii, lakini dada yangu akikutazama unaanza kutafuta vifungo vyako.

"Ulirudi kutoka wapi?" akauliza, polepole.

Nikaufunga mwavuli wake.

"Miaka thelathini na moja nimekufichia. Watu wakisema Meja, naitikia Meja. Sijakuaibisha hata siku moja. Sasa nirudishie. Wewe ndiye uliyemjaza upepo, wewe ndiye utakayemtoa."

Akachukua mwavuli wake mzima akaenda zake.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kwa dada. Nimetuma salamu kwamba mguu unauma.

Ijumaa, 21 Machi

Siku ya sita mvua haijakata. Daktari alipita akitoka zamu, saa tatu asubuhi, soli ya kiatu inapiga makofi. Nikamwambia vua. Akakaa kwenye kigoda, miguu juu ya gazeti.

"Shikamoo, mjomba. Leo usinipe hadithi, nitasinzia."

"Marahaba, mama. Nipe wewe."

Akasema bila kunitazama, "Juzi umeme ulikatika nikiwa namshona mama mmoja, amejifungua, damu inatoka. Jenereta haina mafuta. Nikashika simu kwa meno nipate mwanga."

"Akapona?"

"Simu iliisha chaji."

Nilikuwa na sindano ya kushonea soli mkononi. Nikaiweka chini.

"Kule jeshini nimekwenda kuona, mjomba. Wana taa juu ya meza, pana kama sinia. Wana jenereta mbili, moja inaisubiri nyingine. Kule mtu akinifia, atakuwa amekufa kwa kidonda chake, si kwa giza." Akafuta uso. "Lakini miaka kumi ni miaka kumi. Ukishasaini, wewe ni wao. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Kule daktari anafanya nini hasa? Siku kwa siku. Anaamka, anafanya nini?"

Najua. Mimi, kati ya watu wote wa mtaa huu, najua. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni kwamba jenerali mmoja aliwahi kung'olewa jino na mimi mwenyewe kwa koleo. Daktari alitabasamu kwa heshima, akasinzia pale pale, kichwa ukutani. Nikamshonea kiatu kwa uzi mara mbili. Ndicho nilichoweza.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Ndoo.

Ijumaa, 28 Machi

Nimejaribu kusema mbele ya kioo. "Daktari, mwanangu, mjomba wako hakuwa askari." Nilipofika kwenye "hakuwa", mtu wa kwenye kioo akanyoosha mgongo kama yuko gwaride. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu sasa umeota.

Jumatano, 2 Aprili

Siku ya leo lazima niiandike yote.

Saa tano lilisimama gari la jeshi mbele ya kibaraza. Akashuka mwanamke wa makamo, amevaa sare na miwani, mabegani vitu vinang'aa. Kinyozi akaninong'oneza, "Huyo ni cheo gani, Meja?" Nikamwambia hiyo ni siri. Kweli yenyewe sikukijua.

"Habari za kazi, mzee," akasema. "Tunapita kwa familia za vijana wanaoomba kujiunga na madaktari wa jeshi. Ni utaratibu tu. Mpwa wako ni mmoja wao. Na hapa mtaani wamenielekeza kwa Meja mstaafu." Akafungua jalada, akashika kalamu. "Ulikuwa kikosi gani?"

Mkasi wa Kinyozi ukanyamaza. Wateja wote wakageuza vichwa, hata aliyekuwa na wembe shingoni. Nilisikia ndoo yangu ndani inadondokewa: to, to, to. Nikamwona mtoto anaandikwa kwenye jalada lile, na chini yake uongo wangu. Nikasema moyoni, njia ya mwongo ni fupi, nayo imefika kibarazani kwangu.

"Sikuwa kikosi, Afande," nikasema. "Nilikuwa dobi. Dobi wa kiraia, hospitali ya kambi. Nilifua mashuka na makoti. Bunduki sijawahi kuishika."

Kinyozi akapasuka kwa kicheko.

"Mnamsikia? Mnamsikia Meja? Hata kwa wenzake anaficha!"

"Nasema kweli. Nilikuwa nafua."

"Dobi!" akalia yule mwenye wembe shingoni, akipiga paja. "Ameapa kiapo, huyo! Hata mumchemshe hasemi!"

"Jamani, wallahi nilikuwa nafua."

"Jabali! Huyu mtu ni jabali!"

Kadiri nilivyoapa, ndivyo walivyonipigia makofi. Miaka thelathini na moja nimedanganya na wakaamini. Siku moja nimesema kweli, wameshangilia uongo mpya.

Yule afisa peke yake hakucheka. Alitazama mikono yangu kwa muda, akaandika neno moja kwenye jalada, fupi, akasema, "Ahsante, mzee," akaingia garini.

Jioni mtaa mzima ulikuwa unanipigia saluti.

Jumapili, 6 Aprili

Daftari, tarehe nne Machi nilikudanganya. Kwa kuwa wewe huwezi kushangilia, nakuambia.

Nilikuwa dobi miaka mitatu. Tulikuwa wanne na Dobi Mkuu, na mapipa matano ya kuchemshia. Kanuni yetu moja ilikuwa kubwa kuliko zote: kabla nguo haijaingia kwenye maji, toa vilivyomo mfukoni. Kila mfuko. Unaugeuza nje, unakwangua mshono kwa ukucha. Ulichokipata unakiweka kwenye mkebe wenye namba ya nguo, na nguo ikikauka unakirudisha palepale. Namba tuliziandika ndani ya kola kwa wino wa zambarau. Makoti ya madaktari yalikuwa na namba tu. Mashati ya wagonjwa, namba na jina.

Koti namba saba lilikuwa la daktari mrefu, mwembamba, mpole. Kila wiki mfukoni mwake nilikuta karatasi ileile, imekunjwa mara nne. Nilikuwa naikausha, namrudishia. Ina majina, yanaongezeka. Mengine yana mstari mdogo pembeni.

Ilinichukua miezi kuelewa. Kila Alhamisi daktari yule alipita kitanda kwa kitanda kuamua nani amepona. Ijumaa lori lilikuja, na aliyepona alirudishwa mstari wa mbele. Kwa hiyo kadiri daktari alivyokuwa hodari, ndivyo alivyowarudisha wengi. Na alikuwa hodari sana. Majina yale niliyajua, nilikuwa nimeyaandika mimi mwenyewe kwenye kola. Baadaye magunia yalikuja kutoka huko mbele, nguo bila watu, nifue zigawiwe wengine. Nageuza kola, nasoma jina. Wiki hiyohiyo, kwenye karatasi ya daktari, jina hilo lina mstari.

Siku moja alishuka mwenyewe kwenye mvuke wetu.

"Wewe ndiye unayetoa vitu vya mifukoni?"

"Ndiyo, Afande."

"Unajua kusoma?"

"Sijui, Afande."

Akashusha pumzi. "Afadhali," akasema, akapanda juu.

Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika maisha, nao ulikuwa wa kujishusha. Watu hawajui hilo.

Mwezi mmoja koti namba saba halikuja kuchukuliwa. Limefuliwa, limepigwa pasi, linaning'inia kwenye ndoano. Nikauliza. Dobi Mkuu akasema, "Namba saba haipo tena," na kwa jinsi alivyosema sikuuliza zaidi. Kama alihamishwa, kama alikufa, kama aliondoka kwa miguu yake, mpaka leo sijui. Karatasi ilibaki kwenye mkebe. Wiki iliyofuata pipa la maji ya moto lilinipindukia mguuni, nikarudishwa nyumbani na bendeji. Kituoni mtu akaniuliza, "Vitani?" Nilitikisa kichwa kukubali, basi. Kutikisa kulitosha. Mengine yalijijenga yenyewe, nami nikayapaka rangi.

Mkebe ninao. Uko kwenye sanduku la chuma, na karatasi imo. Nitamwonyesha Daktari. Karatasi haihitaji kuaminiwa mdomo.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemwambia yote. Kinyozi alikuwa amefunga, mvua ilikuwa ya manyunyu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akapiga magoti, akanipandisha suruali, akapitisha kidole kwenye kovu langu kama anasoma.

"Hili ni la maji ya moto," akasema. "Nililijua tangu mwaka wa pili chuoni, walipotufundisha majeraha ya kuungua. Risasi haiachi kovu la kumwagika hivi."

"Ulijua? Miaka yote hiyo?"

"Mjomba, mimi ni daktari."

"Mbona hukusema?"

"Ungekosa la kunisimulia."

Nilicheka, halafu nikaona macho yangu yana maji. "Basi sikukupeleka mimi. Hizi hadithi zangu."

"Hapana. Ni yule mama wa simu iliyozimika." Akaninyooshea suruali. "Usijibebeshe."

Daftari, nilitegemea nitapumua. Badala yake nilihisi nimevuliwa hata hatia. Kama si mimi niliyemwingiza, basi nitamtoaje?

"Lakini yule daktari wa majina," nikasema. "Huyo msikilize. Ulitaka kujua siku kwa siku anafanya nini. Anaponya ili warudishwe. Hiyo ndiyo kazi, mama."

Akanitazama kwa mapenzi, na mapenzi yale yaliniumiza kuliko kofi.

"Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, mjomba. Ungeanza nayo."

"Si hadithi!"

"Mwaka juzi ulikuwa mpiga mizinga. Mwaka jana mamba alimeza kofia yako ya chuma. Leo dobi. Dobi nakubali, kovu linasema dobi, au mpishi. Ila daktari wa kutembea na karatasi mfukoni... Mimi nina siku kumi na nane za kuamua miaka kumi. Siwezi kuamua kwa hadithi."

"Karatasi ninayo."

"Haya," akasema. "Nionyeshe."

Nikamwambia kesho. Alikuwa anawahi zamu, nami nilitaka niitoe kwa heshima, niupanguse mkebe.

Jumapili, 13 Aprili

Ndoo haikuwa inapokea maji yote. Mengine yalikuwa yanaruka pembeni, yanatiririka ukutani, yanaingia kwenye sanduku kwa bawaba. Tangu tarehe nne Machi. Sanduku lina maji ya kina cha kiganja. Mkebe ulikuwa umelala ubavu, kifuniko kimeota kutu na kutoboka.

Karatasi imekuwa uji. Nilijaribu kuikunjua kwa kisu cha kukatia ngozi, ikanibakia vidoleni. Vidole vina rangi ya bluu. Ndiyo majina hayo.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeziba bati. Imenichukua nusu saa na misumari sita.

Alhamisi, 17 Aprili

Daktari alipita. "Karatasi iko wapi, mjomba?" Nikamwonyesha vidole.

"Maji yameingia," nikasema.

"Naam, mjomba," akajibu. Hiyo sauti naijua. Ndiyo anayowapa wagonjwa anapowaambia watapona.

Alhamisi, 24 Aprili

Dada kaniuliza, "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia. "Akasemaje?" Nikasema kasema ni hadithi nzuri. Dada akaweka kiganja mdomoni, sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua.

"Basi mwambie wewe," nikamsihi. "Wewe unaaminika. Mwambie nilikuwa dobi."

"Nitamwambia ulikuwa dobi. Karatasi niliiona mimi? Hukuniambia hata mimi, wewe mwana wa mama."

Ni kweli. Za uongo niliwapa watu wote. Ya kweli niliifungia kwenye sanduku.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Nimeshona miavuli ishirini. Kila mtu nimempa kitu cha kumkinga.

Jumatano, 30 Aprili

Amesaini.

Jumatatu, 5 Mei

Alipaswa kuripoti leo saa sita mchana, na makoti meupe manne yaliyopigwa pasi. Umeme ulikatika tangu alfajiri. Dada akaniita kwa simu: lete pasi yako ya mkaa.

Nimefika, dada yuko nje chini ya mwavuli anasubiri gari, hataki kuona mizigo. Daktari amekaa mezani na kikombe cha chai, begi limefungwa. Nikatandika blanketi juu ya meza, nikalijaribu joto la pasi kwa kidole chenye mate. Nikachukua koti la kwanza.

Sikufikiri. Mikono ndiyo iliyofanya. Mfuko wa kushoto nje, wa kulia nje, wa kifuani nje. Nikakwangua mshono kwa ukucha. Kifuniko cha kalamu, peremende moja, kipande cha pamba. Nikavipanga kwenye kisosi kwa mfuko vilikotoka. Kisha kola, kutoka ncha kuja katikati, isikunjike. Mabega kwenye pembe ya meza. Mkono wa koti bila mstari, maana daktari si karani. Nikageuza kola, na kalamu ilikuwa imeshafika mkononi mwangu, sijui niliichukua saa ngapi. Kidole gumba kikatafuta pale pa kuandikia.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Naweka alama. Lisipotee."

Nilipoinua macho, kikombe kilikuwa hewani, hakijafika mdomoni wala hakijarudi mezani. Anatazama kisosi, anatazama kola, anatazama kidole changu. Kama alivyolitazama lile kovu.

"Alikuwepo," akasema. Hakuwa anauliza.

"Alikuwepo."

"Aliandika majina ya aliowaponya."

"Aliowarudisha. Ndio walewale."

"Na kila wiki ulimrudishia karatasi yake."

"Ikiwa kavu," nikasema.

Akaweka kikombe chini. "Mjomba, kwa nini hukuniambia nikiwa mdogo? Ungeniambia hii, badala ya jenerali."

"Nilitaka ulale, mama."

Nje honi ikalia. Ikalia tena. Nilimwambia kwamba karatasi iliyosainiwa ni karatasi tu, hata mimi nimeona karatasi ikiwa uji. Akatikisa kichwa. Akasema yule mama wa simu naye ana jina. Akasema labda ndiyo maana anapaswa kwenda mtu atakayeandika. Ningembishia kwa sauti gani?

Mkono wangu ulitaka kuandika saba. Nikauzuia, nikaandika herufi za jina lake, ndogo, ndani ya kola zote nne. Nikarudisha kifuniko cha kalamu mfuko wa kushoto, peremende mfuko wa kulia, pamba kifuani. Akanikumbatia, bado nimeshika pasi ya moto, nikainua mkono juu nisimuunguze, na hivyo ndivyo nilivyomuaga, mkono mmoja juu kama mtu aliyesalimu amri.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua kidogo.

Jumatatu, 19 Mei

Mteja kaomba ile ya jenerali. Nikamwambia jenerali amekufa.

Jumapili, 29 Juni

Mvua zimekwisha. Wiki nzima hakuna mwavuli hata mmoja, nashona viatu. Sanduku limekauka juani, limeacha alama ya kutu uani.

Leo tulikuwa kwa dada. Daktari akapiga simu, dada akaweka sauti kubwa. Anakula? Anakula. Analala? Kiasi. Taa je? "Zipo, mama. Hazizimiki." Dada akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu Machi.

Kisha Daktari akaniomba mimi. Nikaizima ile sauti kubwa, nikaweka simu sikioni, nikasogea dirishani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Kazi?"

"Nzuri. Kule mpakani kumechafuka tena, umesikia, masomo wameyaahirisha, tuko wodini. Juzi Ijumaa tuliwaruhusu kumi na mmoja. Walipona vizuri, mjomba. Mmoja alikuwa na mguu ambao kule nyumbani tungeukata. Huku nimeuokoa. Alitembea mwenyewe hadi kwenye lori."

Nikasema vizuri sana. Nikasema hongera.

Nilisikia nyuma yake mlango wa chuma, na mtu anaita namba.

"Dobi wa huku ni mzee mmoja, mtaratibu," akasema. "Anafua vizuri sana."

"Anatoa vilivyomo mfukoni kabla ya kuloweka?"

"Simwachii," akasema. "Natoa mwenyewe."